Ujiji si mwembe peke yake: Hadithi za kinamama wa mwaloni ambazo watoto wetu hawajasikia

Muulize mtoto wa shule ya msingi Ujiji inajulikana kwa nini. Kama alikuwa makini darasani, atakutajia mwembe. Chini ya mwembe huo, mwaka 1871, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone, mmisionari ambaye Ulaya na Marekani walikuwa wamepoteza habari zake. Hadithi hiyo imezunguka dunia nzima. Mpaka leo ndiyo inayowashusha wageni kwenye daladala za kutoka Kigoma mjini, kilomita chache tu kaskazini, waje kupiga picha kwenye jumba la kumbukumbu.

Ni hadithi nzuri na watoto waijue. Lakini muulize tena: siku hiyo watu wa Ujiji walikula nini? Nani aliuza samaki sokoni? Nani alikamua mawese? Hapo atanyamaza, na huenda mzazi wake naye akanyamaza.

Ujiji ya wakati ule haikuwa kijiji cha wazungu wawili. Ulikuwa mji wa biashara, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo. Sokoni palikuwa na samaki wa ziwani, mawese na chumvi ya Uvinza, na watu walilipana kwa shanga zilizoitwa sofi. Palikuwa pia na pembe za ndovu na binadamu waliouzwa utumwani, jambo ambalo tusiwafiche watoto wakishafika umri wa kuelewa. Misafara imekwisha, shanga zimekwisha, na mwembe wenyewe ulishakufa. Iliyopo sasa inasemekana ni chipukizi wake. Kilichobaki ni soko, na sokoni na ufukweni utawakuta wanawake.

Mimi huandika habari za afya ya mama na mtoto, na kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha Ujiji. Siku za kutembea mwaloni zilinipa jambo ambalo takwimu za ofisini hazikuwa zimenipa, nalo ni kwamba afya ya watoto wa mwambao huu inaanzia kwenye beseni la mama mchuuzi.

Mji wenye hadithi mia moja

Nina mapenzi ambayo marafiki zangu hunicheka kwayo. Napenda hadithi za vijijini za Watelugu, watu wa kusini mwa India wanaoishi hasa katika majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana. Nilianza kuzisoma nikiwa chuo kikuu, kwa tafsiri ya Kiingereza, kwenye simu, usiku chumba kikishatulia. Nilizipenda kwa sababu zilinikumbusha nyumbani. Mvua imechelewa, deni la dukani limekua, jirani ana mdomo mrefu, na mama anahesabu sarafu kabla ya kulala.

Mkusanyiko mmoja maarufu unaitwa Amaravati Kathalu, wa mwandishi Satyam Sankaramanchi. Ni hadithi 100, zote zinazohusu mji mdogo mmoja ukingoni mwa mto Krishna na watu wake wa kawaida. Zilitoka kwanza kwenye gazeti la kila wiki miaka ya 1970. Mwaka 1979 kitabu kikapata tuzo ya Sahitya Akademi ya jimbo la Andhra Pradesh, na baadaye mtengenezaji filamu Shyam Benegal akazigeuza kuwa vipindi vya televisheni.

Hebu tulinganishe. Mji mdogo ukingoni mwa mto una hadithi mia. Ujiji, ukingoni mwa ziwa la pili kwa kina duniani, ina moja tu inayojulikana, tena ya wapita njia. Basi nikawa natembea mwaloni nikijiuliza hadithi za hapa zingekuwa zipi. Hizi ni tano, na zote ninazitoa kwenye maisha ya kila siku ya wanawake wa mwambao huu, kuanzia Ujiji hadi Katonga na Kibirizi.

Ya kwanza: Mama na wingu

Wavuvi wa dagaa huenda ziwani usiku na taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola na betri. Mwanga huwavuta dagaa juu, nyavu huwasubiri chini. Alfajiri mitumbwi ikirudi, kinamama wameshajipanga na mabeseni yao, khanga zimefungwa kiunoni, wengine na watoto mgongoni.

Hapo hakuna mchezo. Mama anaingiza mkono kwenye dagaa, anaangalia macho na ngozi, ananusa, anataja bei. Mvuvi anakataa. Mama anageuka kama anayeondoka, kisha anaitwa. Wale wanaodhani hesabu hujifunzwa kwenye ubao tu wafike hapa saa kumi na mbili asubuhi. Mama ana dakika chache za kukisia kilo ngapi mbichi zitampa kilo moja kavu, na kwa kawaida ni kama tatu hadi nne. Anajumlisha usafiri na ushuru, kisha anatabiri jua.

Jua ndilo linaloamua yote. Likiwaka vizuri, dagaa waliotandazwa asubuhi wanaweza kukusanywa jioni. Wingu likitanda na mvua ikinyesha, mali yote inaoza au inageuka rangi, na ile ambayo ingeuzwa kama dagaa wa Kigoma, jina linaloheshimika mpaka Dar es Salaam, inaishia kuwa chakula cha kuku. Mtaji wa mwezi mzima unaweza kuondoka kwa mvua ya saa moja.

Ndiyo maana vichanja vina maana kubwa kuliko vinavyoonekana. Dagaa wanaoanikwa kwenye mchanga huokota mchanga, na kuku na mbuzi hupita juu yake. Wanaoanikwa kwenye wavu ulioinuliwa juu ya nguzo hupata hewa juu na chini, hukauka haraka na huwa safi. Mvua ikija, ni rahisi kuwafunika. Mteja hulipa zaidi kwa dagaa wasio na mchanga, na mtoto hali uchafu. Kwa mbao na wavu tu, kipato na afya vimepatikana pamoja.

Ya pili: Mama na mwezi

Mtumishi wa serikali huhesabu mwezi kwa mshahara. Mama wa mwaloni huhesabu kwa mwezi wa angani. Mbalamwezi ikikolea, taa za wavuvi hazifui dafu na dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Kila mwezi, kwa kalenda ya Mungu mwenyewe, kuna siku ambazo beseni ni tupu lakini watoto wanakula kama kawaida na shule inadai michango.

Watoto wanaokua hapa wanajua jambo hili mapema. Giza likiwa nene, kuna pesa. Mwezi ukiwa mzuri wa kuchezea nje, mama anabana matumizi. Sijui somo la kuweka akiba lililo wazi kuliko hilo.

Halafu ikaja likizo ndefu zaidi. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Ziwa hili tunachangia na Kongo, Burundi na Zambia, na wavuvi wenyewe wamekuwa wakilalamika kwamba samaki wamepungua. Sababu ya kulifunga inaeleweka. Ziwa lisipopumzika, wajukuu watakuja kuwaona migebuka kwenye picha. Lakini miezi mitatu ni mingi kwa mama ambaye chakula cha leo hutoka kwenye mauzo ya leo. Aliyekuwa na shughuli ya pili, kama kukaanga mihogo, kushona, kilimo au mawese, alikuwa na pa kushika. Aliyetegemea dagaa peke yake alikula mtaji, na ziwa lilipofunguliwa alianza upya na deni.

Tunapojadili kulinda ziwa, na tulilinde, mjadala uanzie pia jikoni kwa mama huyu.

Ya tatu: Mama na chikichi

Ukiondoka ufukweni kuelekea juu utaona michikichi. Kigoma ndiyo kitovu cha zao hili nchini. Tangu mwaka 2018 Serikali imekuwa ikilisukuma kwa nguvu ili kupunguza mafuta ya kula yanayoagizwa nje, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, hapahapa Kigoma, kinazalisha mbegu ya Tenera yenye nyama nene na mafuta mengi kuliko aina ya asili iitwayo Dura.

Lakini muda mrefu kabla ya mipango ya serikali, wanawake walikuwa tayari kazini. Mikungu ikishakatwa, chikichi huachanishwa, huchemshwa kwenye pipa, husagwa au hutwangwa, hukamuliwa, kisha mafuta huchemshwa tena yatengane na maji. Ni kazi ya kutwa mbele ya moto. Kokwa hazitupwi: hukaushwa, huvunjwa, na kiini chake hutoa mafuta ya mise yanayotengenezewa sabuni. Maganda ya kokwa huwa kuni. Hakuna kinachopotea, na kila hatua ina bei yake. Mama mwenye mtaji mdogo anaweza kuingia kwenye hatua ya kuvunja kokwa tu, akapanda polepole.

Kwa jicho la mwandishi wa afya, hadithi hii ina sehemu mbili. Nzuri ni kwamba wekundu wa mawese unatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A inayolinda macho na kinga ya mtoto. Usiyaunguze jikoni mpaka yawe meupe, maana ukifanya hivyo unaichoma hiyo karotini. Mbaya ni moshi. Anayekamua mawese na anayekausha migebuka kwa kuni huvuta moshi kwa saa nyingi, na mtoto aliye mgongoni huvuta naye. Ukipata nafasi, sogeza moto mahali penye hewa, tumia jiko lenye bomba la moshi, na mwache mtoto kwa bibi yake wakati wa kazi.

Ya nne: Sanduku la kufuli tatu

Katika mitaa ya Kigoma na Ujiji, kama kwingineko nchini, kuna vikundi vya kuweka na kukopa. Wanachama hukutana kila wiki, hununua hisa na huchangia mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Fedha hukaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Mfumo huu una asili ya Kiafrika. Ulianzia kwa wanawake wa vijijini Niger mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CARE, ukiitwa Mata Masu Dubara, ndipo ukasambaa hadi kwetu na kuzaa vicoba.

Hapa ndipo nakumbuka tena Watelugu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika wilaya ya Nellore huko Andhra Pradesh, wanawake wa vijijini walikuwa wakihudhuria madarasa ya jioni ya kusoma na kuandika. Ndani ya kitabu chao mlikuwa na hadithi fupi ya mwanamke maskini, Seethamma, na madhara ya pombe katika nyumba yake. Wanawake wa kijiji cha Dubagunta waliisoma, wakaijadili, wakaona ni habari yao wenyewe, wakalifunga duka la pombe la kijiji. Moto ukasambaa jimbo zima, na Oktoba 1993 serikali ya jimbo ikapiga marufuku pombe hiyo kali. Kisha wanawake walewale wa Nellore wakaanza kuweka akiba ya rupia moja kwa siku, pesa ambayo zamani ingeishia kilabuni. Vikundi hivyo vikakua hata vikawa vyombo vya mikopo na biashara.

Walianza na hadithi ya ukurasa mmoja tu, kwa sababu msomaji alijiona ndani yake. Ndiyo maana nasema hadithi za wanawake wetu si za kupoteza muda. Binti wa Ujiji anayesikia kila siku habari za mwembe anajifunza kwamba mambo makubwa huletwa na wageni. Akisikia habari za sanduku la kufuli tatu, anajifunza kwamba mama yake ni benki.

Kwa wanaotaka kuanza, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi lazima kiwe kimesajiliwa. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako ndiye wa kumuuliza kwanza.

Ya tano: Bakuli la mtoto

Hii ndiyo iliyoniuma zaidi, na haiko Kigoma peke yake. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kudumaa hakumaanishi ufupi pekee. Huathiri pia ubongo unaokua.

Dagaa ni miongoni mwa vyakula bora tulivyonavyo dhidi ya hali hiyo. Tofauti na samaki mkubwa, dagaa huliwa mzima na mifupa yake, hivyo mtoto hupata protini, kalsiamu, madini ya chuma na zinki kwa pamoja. Lakini biashara ina mtego wake. Dagaa wazuri ni pesa, na pesa ina matumizi mengi. Ni rahisi mama auze beseni zima, arudi nyumbani na unga, na mtoto ale ugali wa muhogo kwa mchuzi mwepesi, huku dagaa alioanika mama yake wakiwa njiani kwenda kwa mtoto wa Dar es Salaam.

Simlaumu mama huyo. Nasema tu kwamba katika hesabu ya mtaji kuwe na mstari mmoja usiogusika, yaani kikombe cha mtoto. Kabla ya kufunga gunia, toa kikombe kimoja weka kando. Mtoto hunyonya maziwa ya mama pekee miezi sita ya mwanzo, halafu huanza chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Dagaa wasafishwe vizuri mchanga uishe, wakaushwe, wasagwe wawe unga, kisha kijiko kitiwe kwenye uji au kwenye viazi na ndizi zilizopondwa, pamoja na tone la mawese. Ziwa na mlima vimekutana kwenye bakuli moja. Ushauri huu unamfaa mzazi wa Mbagala na wa Mwanjelwa vilevile, maana dagaa wapo kila soko.

Ukienda na watoto

Kwa likizo, Kigoma inafikika kwa treni ya reli ya kati, kwa basi au kwa ndege. Treni ni safari ndefu, lakini kwa mtoto ni darasa linalotembea. Reli hiyo ilifika Kigoma mwaka 1914, na stesheni ya Wajerumani bado imesimama. Bandarini muulizie MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na wenyewe vitani mwaka 1916, ikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927.

Jumba la kumbukumbu la Livingstone liweke mchana. Asubuhi wapeleke mwaloni, jua halijawa kali. Wafundishe kusalimia kwanza: shikamoo kwa wakubwa, na wakiweza "mwakeye" ya Kiha, watapata tabasamu. Wasipige picha bila kuomba, watu wako kazini. Nunua dagaa au mgebuka bila kukaba sana bei, kisha mwombe mama muuzaji, akipata nafasi, awaelezee watoto jinsi anavyojua leo jua litawaka. Watazameni pia mafundi wa mitumbwi ufukweni Ujiji. Mchana kuleni ugali wa muhogo na mgebuka uliopikwa kwa mawese.

Na kama huendi Kigoma mwaka huu, Ujiji ya kwako iko karibu. Ni mama anayeuza vitumbua kona ya mtaa, shangazi mwenye duka la vitenge, bibi aliyesomesha watoto sita kwa karanga. Usiku mmoja wiki hii simu ziwekwe kando, TV izimwe, mtu mmoja aite "Paukwa!" Watoto wakishaitikia "Pakawa!", simulizi ianze hivi: hapo zamani, si zamani sana, bibi yenu alikuwa na beseni moja…